Nafasi ya Sita Kwenye Kibweta

Sehemu ya Kumi na Moja

UMEONDOLEWA KWENYE KAYA. HATUA HII IMECHUKULIWA NA MKUU WA KAYA.

Hapo ndipo tulipomwacha Ernesta Ijumaa ile asubuhi: kwenye ukingo wa ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, juu ya Vudee, jembe begani, simu mkononi.

Na mkuu wa Kaya mwenyewe alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, ameinama, anafungulia mferejini maji yaliyojaa ndivani usiku kucha.

Mzee Zephania. Baba mkwe wake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, jambo lenyewe ni hili. Lydia, wifi yake Ernesta, ana duka la vifaa vya shule mjini Same, na hununua vitabu vya kusomea kwenye simu, katika programu iitwayo Kibweta. Mnunuzi anaruhusiwa kuvisoma pamoja na watu wa kaya yake. Nafasi ni sita, basi. Lydia akawaingiza ndugu zake wa mlimani.

Wenzake wanasoma hadithi za mapenzi na za wapelelezi. Ernesta, mwenye miaka thelathini na sita, anasoma kwa siri kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Nne. Karatasi ya Kiswahili ni Jumatatu. Vitabu vyote amemaliza, imebaki tamthiliya moja hajaigusa: Jogoo wa Hakimu.

Siku tatu. Kitabu hakuna.

"Mama Koleta!" Mzee aliita bila kugeuka. "Umesimama kama nguzo ya umeme. Maji yameshaanza kwenda shambani kwako, wewe huendi?"

Ernesta alisogeza jembe begani. Utaanzaje kumuuliza baba mkwe, mbele ya watu wanaosubiri maji, amekutoa kwa kosa gani?

"Naenda, Baba."

Akaenda. Alipofika penye migomba, pasipoonekana na mtu, akapiga simu Same.

"Wifi, nimetolewa!"

"Umetolewa wapi?"

"Kwenye Kibweta. Baba kanitoa."

"Baba yupi?"

"Baba yako! Kwani unao wangapi?"

Lydia akavuta pumzi ndefu.

"Mungu wangu. Nilimwandika yeye kuwa mkuu wa Kaya."

"Si ungejiandika wewe uliyenunua?"

"Wifi, simu iliuliza mkuu wa Kaya ni nani. Nijibu ni mimi, wakati baba yuko hai na anakula makande sahani mbili?"

Hata Ernesta angejibu hivyo hivyo.

"Subiri niwapigie wenye Kibweta," Lydia akasema.

Dakika ishirini. Maharage ya mbegu yalikuwa kwenye kikapu, udongo umeanza kulowa, na Ernesta hakupanda hata punje moja.

Simu ikaita.

"Wamesema aliyeondolewa harudi mpaka ipite miezi kumi na miwili."

"Mtihani ni Jumatatu!"

"Nimewaambia. Yule kaka akanijibu, 'Pole sana dada, je, kuna lingine la kukusaidia?'"

"Ninunulie upya kwenye simu yangu. Nitakurudishia tukivuna."

"Nimejaribu. Kitabu kimetolewa sokoni, kinasubiri toleo jipya la Januari. Wanaoendelea kukisoma ni walionunua zamani tu. Na cha karatasi usiniulize. Cha mwisho Same nzima nilikiuza mimi, Septemba. Mwalimu alikipokea akakibusu."

"Basi niazime simu ya mmojawapo huku."

"Ya nani? Simu ya mtu ndiyo pochi yake. Ukiitaka siku tatu atakuuliza ya nini. Utasema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Fanueli, mume wa Ernesta, ni fundi ujenzi. Mwaka huu yuko Lembeni, wanajenga nyumba ya wageni. Ni mpole, mcheshi, mikono yake inajua tofali kuliko mtu yeyote wa Vudee. Lakini alimaliza Kidato cha Nne akapata sifuri, na tangu siku yalipobandikwa matokeo yale, neno shule halitamkwi mbele yake.

Ernesta yeye aliishia Kidato cha Pili, baba yake alipofariki. Alijiambia hivi: nikifeli, asijue mtu. Nikifaulu, nitatafuta namna ya kumwambia Fanueli polepole, isije ikamchoma.

Na siri ikishafika kwa ukoo asubuhi, jioni iko Lembeni.

"Kamuulize baba kwanza kwa nini amefanya hivyo," Lydia akasema. "Mimi kesho napanda na bodaboda ya kwanza. Na usililie hayo maharage, yatakuwa na chumvi kabla hayajapikwa."

Saa tisa alasiri Ernesta aliingia uani kwa wakwe zake. Mzee Zephania alikuwa na daftari lake la zamu za maji. Dada yake, shangazi Rogathe, alikuwa anapukuchua mahindi huku miwani imemwangukia puani.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, Mama Koleta, karibu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?" Rogathe aliuliza. "Umekata vitunguu au umegombana?"

"Baba," Ernesta alisema haraka, kabla ujasiri haujamwisha, "kwenye Kibweta sioni vitabu."

"Ndiyo," Mzee akajibu kwa furaha. "Zamu yako imeisha jana."

"Zamu?"

Mzee alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Kulikuwa na mistari imenyooka, majina na tarehe.

"Wa kwanza kuingia ni wewe, tarehe nne Oktoba. Nafasi ziko sita, wanaotaka ni saba. Kwenye ndiva tunafanyaje? Aliyetangulia kunywesha anafunga, anayefuata anafungua. Wewe umepata mwezi mzima na ushee. Nimekuondoa bila upendeleo, ingawa ni mkwe wangu." Akashusha sauti kwa fahari. "Na nimebonyeza mwenyewe. Hakunisaidia mtu."

"Lakini Baba, ndiva ikifungwa hufunguliwa tena. Huku mtu akiondolewa, harudi mpaka mwaka upite."

Kalamu ilimdondoka Mzee.

"Mwaka?"

"Mwaka, Baba. Lydia amewapigia."

Rogathe alicheka mpaka punje zikamwagika.

"Kaka! Miaka thelathini unasimamia ndiva, hujakausha shamba la mtu hata moja. Umekuja kukausha la kwenye simu!"

"Rogathe, nyamaza." Uso wa Mzee ulikuwa umesawijika kweli. Akamgeukia mkwe wake. "Nisamehe, mama. Sikujua. Lakini hadithi ni hadithi, utazisoma mwakani. Aliyechukua nafasi yako alikuja kuniambia shamba lake linakauka."

Msomaji, mlimani kwetu kila mtoto anajua maana ya maneno hayo. Ukiona mazao yako yanakufa na zamu yako bado, unakwenda kwa msimamizi unasema: shamba langu linakauka. Unasema kwa mdomo wako mwenyewe, na unahurumiwa, unapewa maji ya mwingine. Usiposema, unasubiri tarehe yako kama wengine.

"Ni nani huyo, Baba?"

"Ameniapisha nisimtaje."

Ernesta akashangaa. Mtu gani anaomba aapiwe ili asome hadithi kwenye simu?

Akatazama daftari. Akatazama mikono yake, yenye udongo wa asubuhi. Akamfikiria Fanueli. Akafikiria zile alfajiri zake zote, uji jikoni unatokota, yeye amekaa kwenye kigoda anakariri tamathali za semi.

"Na langu linakauka, Baba," alisema.

Mahindi ya Rogathe yakanyamaza.

"Jumatatu nina mtihani wa Kidato cha Nne. Kiswahili. Nimejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kile kitabu ndicho kimebaki."

"Jumatatu hii?" Mzee aliuliza.

"Hii."

"Same?"

"Same."

Hapo Mzee Zephania alifanya kitu cha ajabu. Alitazama simu yake. Akamtazama Ernesta. Akatazama tena simu. Midomo ikaanza kumtetemeka. Akakohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi, akainuka, akazunguka nyuma ya jiko. Wakamsikia anacheka huko, anacheka mpaka anashika ukuta.

Machozi yalimlenga Ernesta. "Ananicheka."

"Hapana," Rogathe alisema taratibu. "Namjua kaka yangu. Hicho ni kicheko cha mtu aliyeokota kitu."

Mzee alirudi anafuta macho kwa kofia.

"Mama Koleta, sikucheki wewe. Naapa. Kwa nini hukusema mapema?"

"Niliogopa. Nikifeli je?"

"Mtu akija ndivani akasema mahindi yake yanakufa, umewahi kumwona anayemcheka?"

"Hapana."

"Basi." Akalifunga daftari. "Aliyekosea zamu ni mimi, na atakayelipa maji ni mimi. Nafasi siwezi kuirudisha, lakini kitabu bado kiko kwenye simu yangu, na ya Rogathe, na ya Lydia, na ya Filipo na mkewe. Kesho nauita msaragambo, ukoo mzima kazini."

"Msaragambo wa nini?" Rogathe akadakia. "Barabara tumelima mwezi jana."

"Wa kitabu."

"Baba, kesho napanda maharage. Maji nimepewa leo, nikichelewa udongo..."

"Watapanda wao. Wewe utasikiliza."

Ernesta alijifuta udongo mikononi. "Naomba jambo moja. Fanueli asijue."

Kile kikohozi kikarudi.

"Kwangu hatalisikia," Mzee alisema. "Wala kwa Rogathe."

"Mimi nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

Kuna watu mjini wanaosema vijijini hapasomwi. Wangekuja Vudee Jumamosi ile.

Lydia alifika na vumbi la Same mpaka kwenye kope. Filipo, mdogo wake Fanueli, alikuja na jembe na chaja. Saa tatu asubuhi mashimo yalikuwa yanachimbwa mistari mitatu kwa mpigo, na katikati ya shamba, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Ernesta na daftari lake. Anayesoma anasimama na simu. Anayenyamaza anapanda. Zamu, kama kawaida.

Sehemu ziligawanywa palepale. Mzee alikuwa Hakimu, na hakuna aliyethubutu kupinga. Rogathe alikuwa Bi Sikudhani, mwenye kudai kwamba jogoo wa Hakimu amekula mpunga wake wa biashara. Lydia alikuwa karani mla rushwa. Filipo alipewa jogoo, ambaye katika tamthiliya nzima anawika mara nne tu, lakini aliwika kwa moyo wote mpaka majogoo wa ng'ambo ya bonde wakamjibu.

"Simama!" Ernesta alikuwa anasema kila onesho likiisha. "Mgogoro hapo ni upi? Ni wa Bi Sikudhani na Hakimu, na ndani yake kuna mgogoro wa nafsi, Hakimu na dhamiri yake. Nimepata?"

"Umesahau kuandika kwamba Bi Sikudhani ana haki," Rogathe akasema.

"Shangazi, mtihani hautaki nani ana haki. Unataka sifa za mhusika."

"Sifa yake ndiyo hiyo. Ana haki!"

"Mahakama kimya!" Mzee akapiga mwiko kwenye debe.

Saa sita, wakiwa wanakula makande kivulini mwa migomba, Lydia aliacha kutafuna ghafla.

"Hebu oneni hapa."

Wakakusanyika. Kwenye Kibweta, kila msomaji ana kidoa cha kijani kinachowaka anapofungua kitabu. Kidoa cha nafasi ya sita kilikuwa kinawaka. Hakikuwa na jina, kiliandikwa tu Msomaji wa Sita.

"Huyu aliyechukua nafasi ya wifi," Lydia alisema polepole, "anasoma Jogoo wa Hakimu. Sasa hivi. Yuko ukurasa wa arobaini."

Wao wenyewe walikuwa wa arobaini na moja.

Ernesta aliweka sahani chini. "Baba. Ni nani huyu?"

"Kesi inaendelea," alisema Mzee, akachukua mwiko wake.

Walimaliza onesho la mwisho Jumapili baada ya ibada. Rogathe alishinda kesi, akalia machozi ya kweli. Ernesta aliulizwa maswali ishirini, akajibu kumi na tisa. La ishirini Filipo alilitunga mwenyewe, lilihusu jogoo alikuwa wa rangi gani, na kitabuni halimo.

Jioni Fanueli akapiga simu kutoka Lembeni.

"Mke wangu, wikiendi hii ndiyo hivyo sikuja. Kesho asubuhi tunamwaga zege."

"Hamna shida, baba Koleta. Na mimi kesho nashuka Same kwa Lydia. Nasikia kuna mbegu nzuri."

Wote wawili waliongea haraka, kuliko wanavyoongea watu wanaosema kweli.

"Haya, mbegu njema," akasema Fanueli.

"Na zege jema."

Jumatatu, jua halijachomoza, gari la Same lilikuwa linanguruma barabarani. Ukoo mzima ulikuja kumsindikiza kwa kisingizio cha kwenda ndivani, wakati siku hiyo ndiva haikuwa zamu ya hata mmoja wao.

Mzee Zephania alimpa kalamu mbili za bluu.

"Moja yako. Nyingine ya atakayesahau."

"Nani asahau kalamu siku ya mtihani, Baba?"

"Wapo. Hasa wa damu fulani." Akakohoa. "Na huyo aliyekuchukulia nafasi, ukimkuta, usimpige."

"Nitamkuta wapi?"

"Nimesema ukimkuta. Panda gari."

Chumba cha mtihani kilinuka chaki na dawa ya sakafu. Watahiniwa wa kujitegemea walikuwa wa kila aina: mama mwenye mtoto aliyeachwa kwa dada yake nje, askari wa mgambo, msichana wa saluni mwenye kucha za zambarau. Ernesta aliwatazama na moyo ukamjaa. Alikuwa amedhani yuko peke yake duniani.

Akakaa kwenye namba yake. Dawati la mbele yake lilikuwa tupu.

Karatasi ziligawanywa zikiwa zimefunikwa. Dakika tatu kabla ya saa mbili, mlango ukasukumwa. Mtu akaingia mbio, kichwa chini, akaketi kwenye lile dawati tupu akihema.

Ernesta hakumwangalia. Alikuwa anaomba, macho yamefumbwa.

"Wewe uliyechelewa," msimamizi alisema. "Hicho kilichoko sikioni kwako ni nini?"

"Penseli, mwalimu."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayehema.

"Kwa penseli hatusahihishi insha. Kalamu huna?"

"Nimesahau, mwalimu. Nimetoka na haraka."

Darasa likacheka.

"Kuna mwenye kalamu ya ziada?"

Mkono wa Ernesta ulikuwa tayari umenyanyuka. Moja yako, nyingine ya atakayesahau. Akafumbua macho, akanyoosha kalamu mbele.

Na hapo akaiona penseli yenyewe: bapa, nyekundu, ya kupimia mbao. Akaona vumbi la saruji kwenye nywele za kisogoni. Akaona ukosi wa shati la kaki, ulioshonwa upya kwa uzi wa bluu kwa kuwa siku ile uzi wa kaki uliisha, na aliyeushona, kwa mkono wake, jikoni kwake, ni yeye.

Mtu yule aligeuka kupokea.

Fanueli.

Akamtazama mkewe. Akatazama karatasi ya mtihani mbele ya mkewe. Mdomo ukaachama. Halafu macho yake yakatua kwenye daftari la mkewe, lililochungulia likiwa wazi kutoka kwenye mfuko wake chini ya dirisha pamoja na mifuko ya wengine, na juu ya ukurasa wake, kwa herufi kubwa: JOGOO WA HAKIMU.

"Mama Kole..."

"Hakuna kuzungumza!" msimamizi akapaza sauti. "Atakayefungua mdomo kabla ya saa tano, namfutia karatasi. Funueni. Muda umeanza."

Karatasi arobaini zikafunuliwa kwa pamoja. Mbili hazikufunuliwa. Kalamu ilikuwa bado hewani kati ya madawati mawili, imeshikwa huku na kushikwa huku, na hakuna aliyekuwa tayari kuiachia.